Makontena yameongezeka Kilindini, kazi ziko wapi?

Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha makontena zaidi ya milioni 2 kwa mara ya kwanza, kwa kipimo cha futi 20. Ni habari njema, alhamdulillahi. Lakini kijana wa Changamwe anauliza: mimi nimo?

Tuambiane ukweli. Kontena halibebwi mgongoni. Zamani meli ya magunia ilitaka genge zima la makuli. Leo juu ya kreni kuna mtu mmoja. Mzigo unaweza kuongezeka na asiandikwe hata kibarua. Tena tangu SGR ianze kubeba mizigo 2018, makontena mengi hupakiwa garimoshi bandarini na kufunguliwa Nairobi, yakimpita dereva wa lori, turnboi, mekanika na mama chapati wa Mariakani. Agizo la 2022 la kurudisha shughuli za mizigo Mombasa lilikuwa la haki, ila kreni haikugeuka kuwa makuli.

Kwale nako, Base Titanium ilisimamisha uchimbaji Desemba 2024.

Kazi zenye mwelekeo zipo: mwendesha kreni, karani wa forodha, baharia, fundi wa makontena ya baridi yanayosafirisha parachichi. Zote zataka cheti, na kijana wetu bado anaambiwa asubiri kibarua langoni.

Basi mgombea wa 2027 akija barazani na ajira za Dongo Kundu mdomoni, mwulizeni: za ufundi gani, ngapi, na mafunzo yake yanatolewa wapi leo?