Kazi ya kutazama kidole

Mpwa wangu mmoja alikaa miaka kumi na minne katika kampuni ya wakala wa kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Aliingia karani, akapanda hata akawa msimamizi wa wateja. Ndipo yakaja mambo ya reli mpya. Mwaka 2018 makontena yalianza kusafirishwa kwa treni hadi Nairobi, na Agosti 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo iingiayo nchini ifuate njia hiyo. Watu waliandamana, amri ikasimamishwa, ila kazi nyingi zilikuwa zimekwisha kuhama. Septemba 2022 serikali ilitangaza kuzirejesha shughuli hizo Mombasa, lakini tumbo halingoji tangazo. Yeye alikuwa keshashika njia nyingine: kusomea usanifu wa tajriba ya mtumiaji.

Mpenzi msomaji, usilitishike jina. Ni kazi ya kupanga namna mtu atakavyokitumia chombo, hasa programu za simu na kompyuta, asije akakwama njiani. Donald Norman, mwanasaikolojia wa Kimarekani, ndiye aliyelipa neno hilo umaarufu alipoingia Apple mwaka 1993. Jamaa zetu walidhani ni kuchora picha. "Mtu mzima na watoto wake, aache biashara akachore?" Nami, nakiri, nilikuwa miongoni mwa wasemao hivyo.

Rai yangu ilibadilika siku aliponihadithia mtihani wake wa kwanza. Alikuwa ametengeneza fomu ya simu kwa ajili ya mawakala, akamkalisha mzee mmoja wa forodhani aijaze mbele yake. Mzee akaenda vizuri mpaka kitufe cha mwisho, kilichoandikwa "Wasilisha". Kidole kikasimama hewani. Mpwa wangu, kwa mazoea ya kuuza, akaanza kumweleza; mkufunzi akamzuia. Kimya kikawa kirefu, kisha mzee akasema: "Mwanangu, mzigo wangu bado u melini. Nitasemaje nimeuwasilisha?" Kitufe kikaandikwa "Peleka ombi", mambo yakaisha.

Nikakumbuka chuoni tulikosomea udogoni. Mwalimu wetu hakutazama nyuso. Alitazama kijiti juu ya herufi. Kilipokawia, hapo ndipo alipojua somo halijaingia.

Hata M-Pesa ina kisa cha aina hiyo. Majaribio yalipoanza mwaka 2005, shabaha ilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Waliofuatilia wakaona wateja wanatumiana pesa wao kwa wao. Hawakuwakemea kwamba wamekosea. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutumiana pesa ndiko kulikotangulizwa.

Kwa hiyo watu wa biashara waingiao usanifu siwaoni kuwa wanaanza bila kitu. Aliyesimama kaunta miaka mingi anajua kwamba "nitarudi" ya mteja aghalabu ni "sitaki" yenye adabu. Anachokosa ni kunyamaza. Wala nisiwapambie mambo: wako wanaouza masomo ya miezi mitatu kwa ahadi ya ajira ya papo kwa papo. Mpwa wangu alihangaika mwaka mzima akishindana na vijana ambao angeweza kuwazaa, na mshahara wake wa kwanza ulikuwa nusu ya ule wa bandarini. Karo ya watoto haikupunguzwa nusu.

Liko jingine linalonikera zaidi. Mtu wa biashara ajuaye mteja hukwama wapi, anajua pia namna ya kumkwamisha makusudi. Mwingereza Harry Brignull alizipa hila hizo jina mwaka 2010: ada iliyofichwa, kitufe cha kukataa kisichoonekana vyema. Mpwa wangu sasa yuko katika kampuni ya kukopesha kwa simu. Mwezi uliopita aliambiwa ada ya kuchelewa kulipa iandikwe kwa herufi ndogo, ukurasa wa tatu, ilhali kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinataka mkopaji aelezwe gharama kabla hajachukua pesa.

"Mjomba," alinambia, "zamani ningeificha mwenyewe, hata sikungoja kuambiwa."

Ada ameiweka ukurasa wa kwanza, juu tu ya kitufe cha kukubali. Ameipeleka kwa wakuu wake pamoja na video ya wakopaji watano wakiisoma, vidole vyao vikisita. Mpaka naandika haya hawajamjibu.