Sabuni Ndani ya Maji na Ndani ya Spiriti

Tangu ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya mwaka 2020, watu wengi wamezoea chupa ndogo za spiriti ya kupaka mikononi. Kwa hiyo wako wanaodhani kwamba sabuni ni dawa ya maskini na spiriti ni dawa ya wenye fedha. Tena wako wanaofikiri kwamba viwili hivyo vikichanganywa nguvu itakuwa maradufu. Fikira zote mbili si sawa, na yafaa kila mwenye nyumba ajue sababu yake.

Molekuli ya sabuni, yaani chembe yake iliyo ndogo kabisa, ina kichwa na mkia. Kichwa hupenda maji. Mkia ni mnyororo wa kaboni, kwa kawaida kati ya 12 na 18, nao hupenda mafuta na kuyakimbia maji. Sabuni ikitiwa majini, chembe za kwanza hupanda juu na kuelekeza mikia yao hewani. Zikizidi, hukosa nafasi; ndipo hukusanyika ndani ya maji na kufanya vifundo, mikia ndani na vichwa nje, kama nyati wawazungukavyo ndama wao waonapo simba. Jambo hili lilielezwa mwaka 1913 na J. W. McBain, mtaalamu kutoka Kanada aliyefundisha Bristol, Uingereza. Katika kitu kimoja cha namna ya sabuni, sodiamu laurili salfeti, ambacho hutiwa katika dawa nyingi za meno, vifundo huanza kufanyika lita moja ya maji ikipata gramu 2 na kitu, na kila kifundo huwa na chembe kama 60.

Vifundo hivyo ndivyo vyenye kazi ya kuosha. Mafuta na taka huingia katikati, penye mikia, kisha maji huvichukua vyote pamoja na vijidudu.

Ndani ya spiriti tupu mambo ni mengine. Chembe ya alkoholi ina upande upendao maji na upande mdogo unaofanana na mafuta. Basi mkia wa sabuni hauna adui wa kumkimbia, wala hauna haja ya kujificha. Chembe hutawanyika, na vifundo vile havifanyiki. Mwishoni mwa karne ya 19, Mjerumani Friedrich Krafft aliona dalili zake alipopima joto la kuchemka: ndani ya alkoholi sabuni ililipandisha joto hilo kama kitu chochote kilichoyeyuka vizuri, lakini ndani ya maji ililipandisha kidogo mno, kwa kuwa chembe zake zilikuwa zimeungana.

Kwa hiyo sabuni iliyotiwa katika spiriti kali haifanyi kazi yake ya kuosha. Spiriti nayo huua vijidudu kwa nguvu yake yenyewe, ikiwa na alkoholi kati ya asilimia 60 na 95, kwa kugandisha protini zao kama moto ugandishavyo yai. Lakini haiondoi kitu. Mkono wenye udongo wa shamba au grisi ya gari huwapa vijidudu mahali pa kujificha. Tena viko vijidudu vya kuharisha, kama kriptosporidiamu, ambavyo spiriti haiviwezi.

Basi mama mwenye kipande cha sabuni na kibuyu chirizi karibu na choo asijione kuwa amepungukiwa. Watoto wake wakisugua mikono kwa sekunde 20, kisha wakaisuuza kwa maji yanayotiririka, watakuwa wamepata kinga iliyo imara. Spiriti na iwekwe kwa safari na mahali pasipo maji, mikono ikiwa haina uchafu wa kuonekana. Kila chombo na kazi yake, na rafiki wa sabuni ni maji.