Tusomeeni Mliyoandika

Gari likisimama chini ya mgunga huwa tunatazama nyuma yake kwanza. Kama halina magunia ya chakula, limeleta maswali. Atashuka mshauri aliyekodiwa na shirika la misaada kwa mkataba wa siku chache, akiandamana na vijana wetu wawili watatu kutoka Lodwar, simu mkononi, na chifu atatuomba tukae. Sisi watu wa Turkana tunakaa. Mgeni hafukuzwi.

Katika siku 7 zilizopita mmekula nafaka siku ngapi? Kunde? Maziwa? Nyama? Mafuta? Kisha yanafuata yale matano tuliyokwisha kuyakariri: mlikula chakula msichokipenda? Mlikopa? Mlipunguza kipimo? Wakubwa walijinyima ili watoto wale? Mliruka mlo? Vijana wetu wametufafanulia kwamba kila jibu lina uzito wake. Siku ya maziwa huzidishwa kwa 4, ya kunde kwa 3, ya nafaka kwa 2, ya sukari kwa nusu. Mama mmoja wa kwetu aliposikia hivyo alinyamaza kitambo. Mbuzi wake wote walikufa mwaka 2022. Akasema, "Basi niandikie sifuri, mwanangu, tuendelee."

Na edung? Hayo ni matunda ya porini tunayoyala mambo yanapozidi. Huchemshwa, maji machungu yakamwagwa, matunda yakachemshwa tena na tena, na kazi hiyo humaliza siku nzima, na kuni, na maji tuliyoyachimba kwenye mchanga wa mto. Kijana hana pengine pa kuyabonyeza isipokuwa kwenye matunda. Tunda lina uzito wa 1. Mtu aliyeko Nairobi au Geneva atasoma kwamba nyumba hii ilikula matunda siku 3, na hatajua kwamba hiyo ndiyo dalili ya njaa yenyewe.

Halafu wanauliza kaya ina watu wangapi. Kaya kwao ni wanaokula chungu kimoja usiku wa jana. Mume yuko na mifugo karibu na mpaka wa Uganda, mtoto wa pili yuko kwa shangazi yake Kakuma, mjane wa shemeji analala kwetu ila anapika peke yake. Tuwahesabu au tusiwahesabu? Maswali yameandikwa Kiingereza, kijana anayageuza Kiturkana papo hapo jua likiwa utosini, na kila kijana huyageuza kwa namna yake. Hatumlaumu. Analipwa kwa siku, na kazi ikiisha hata nakala ya ripoti haipati, ingawa ni yeye aliyetembea, akatafsiri, akawapima watoto mkono kwa ule utepe wenye rangi tatu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Sisi sote tunaufahamu utepe huo. Mama huitazama rangi kabla ya mpimaji.

Tunaelewa kazi hii ina maana, na anayesema hatutaki kuulizwa ametusingizia. Tunajua kwamba majibu yetu huishia kwenye ngazi 5 za uhaba wa chakula, ya 3 ikiitwa mgogoro, ya 4 dharura, ya 5 baa la njaa, na kwamba angalau watu 20 kati ya kila 100 wa eneo wakifika ngazi fulani, eneo lote kwa kawaida hupewa ngazi hiyo. Ngazi hizo zilibuniwa Somalia mwaka 2004. Huko huko Somalia baa la njaa lilitangazwa tarehe 20 Julai 2011, na makadirio ya baadaye yakasema watu wapatao 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, zaidi ya nusu yao watoto wa chini ya miaka 5. Wengi walikuwa wameshazikwa siku ya tangazo. Kwa hiyo tunapolalamika kwamba ripoti hukawia, tunalalamikia makaburi.

Hapa kwetu mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020. Kenya nzima ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Katika muda huo tuliulizwa na huyu, akaja mwingine na maswali yale yale, kwa kuwa kila shirika huajiri mshauri wake na hakuna anayesoma ya mwenzake. Nyumba nyingine iliulizwa mara tatu ndani ya msimu mmoja. Hakuna hata mmoja aliyerudi kutuambia alichoandika. Hatujui kijiji chetu kiliwekwa ngazi gani, wala kwa nini wale wa ng'ambo ya mto walipata fedha na sisi tukakosa. Jambo hili limegombanisha ndugu.

Nyinyi washauri mnatafuta riziki, mkataba ukiisha mnatafuta mwingine, tunalijua. Basi wadaini wanaowaajiri siku mbili zaidi, ziandikwe kwenye mkataba, siku za kurudi. Chifu huita baraza. Ule mgunga uko pale pale mlipouacha. Njooni na ile ripoti, na yule kijana wetu alipwe siku hizo mbili, atusomee kwa Kiturkana, mahali palipokosewa tuseme hapa si hivi, na mrekebishe kabla haijapelekwa mbele.