MAONI: Ukipanga safari ya Japani, tenga siku za ushago

Ratiba ya Japani inayozunguka TikTok sasa hivi ni moja, imebadilishwa muziki tu. Tokyo siku tatu. Hakone siku moja ya kuvizia Mlima Fuji. Kyoto siku mbili, Nara nusu siku ya kulisha kulungu, Osaka usiku mmoja wa kula, halafu Hiroshima kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Siku kumi, miji sita, na masanduku yanaburutwa karibu kila asubuhi. Vijana wa Nairobi wanaichukua jinsi ilivyo, wanabandika majina yao juu, wanaanza kuweka akiba.

Mimi naipinga. Sisemi Kyoto ni mbaya, wala sina shida na mtu anayetaka selfi yake pale Shibuya. Nasema mtu anayetoka Kenya, aliyetafuta hizo pesa kwa jasho na ambaye huenda asirudi huko kwa miaka kumi, anafaa kuchagua kwa kichwa chake mwenyewe. Kwa maoni yangu safari ya siku kumi inatosha vituo viwili: Tokyo, na ushago mmoja. Ukiongeza cha tatu, kiwe cha kupitia tu.

Tuanze na pesa, manake hapo ndipo stori nyingi za mtandaoni zimepitwa na wakati. Zamani dawa ya kuzunguka miji mingi ilikuwa pasi ya reli ya JR, ile wanayouziwa wageni. Ya siku saba ilikuwa yeni 29,650. Oktoba 2023 ikapanda hadi yeni 50,000, na ya siku 14 ikafika yeni 80,000. Yeni moja siku hizi haifiki shilingi moja, kwa hivyo hiyo ya wiki moja weka Sh40,000 na kitu. Tiketi ya kawaida ya shinkansen, ile treni ya kasi, kutoka Tokyo hadi Kyoto ni kama yeni 14,000 kwenda tu. Kurudi nayo inakuwa yeni 28,000. Zamani safari hiyo moja ilikuwa karibu kulipa pasi nzima. Leo lazima ukimbizane na treni wiki nzima ndio usipate hasara, yaani bei yenyewe inakusukuma uzunguke kama konda. Na bado kuna video za 2019 zinazowaambia watu wanunue pasi kabla ya kufikiria kitu kingine chochote!

Halafu muda. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Kila ukihama mji unapoteza nusu siku: kufunga begi, kufika stesheni, treni yenyewe, kutafuta hoteli mpya, kisha kungoja, kwa sababu hoteli nyingi za Japani hazikupi chumba kabla ya saa tisa alasiri. Hama mara tano, siku mbili na nusu zimeenda. Ongeza siku mbili za ndege, manake kutoka JKIA lazima ubadilishe mahali kama Doha, Dubai au Addis Ababa. Siku kumi zimebaki tano na nusu na hujala hata bakuli moja la tambi kwa utulivu.

Chama chetu cha watu sita kimekuwa kikichanga tangu 2023, na ratiba imetugombanisha kuliko michango. Wanne wanataka miji yote sita. Mmoja wao aliniuliza: "Utaendaje Japani bila Kyoto? Si ni kama kwenda Mara bila kuona simba?"

Swali zuri, na mfano wake ni mzuri kuliko alivyodhani. Sote tumeona picha za Mara, magari ishirini yamezingira simba mmoja ambaye amechoka na maisha. Kyoto imefika hapo. Ni mji uliokuwa makao ya mfalme tangu mwaka 794 kwa zaidi ya miaka elfu moja, una mahekalu ambayo hakuna video inayoweza kuyatendea haki, lakini mwaka 2024 Japani ilipokea wageni karibu milioni 37, rekodi wakati huo, na wengi wao walipita njia ile ile moja ya Tokyo, Kyoto na Osaka. Mabasi ya jiji yalijaa mabegi hadi wenyeji wakawa hawapati nafasi ya kwenda kazini au hospitalini. Mwaka 2023 Kyoto iliacha kuuza tiketi ya basi ya siku nzima ambayo watalii walikuwa wanaipenda. Mwaka uliofuata mtaa wa Gion ukafunga vichochoro vyake vya binafsi kwa wageni, na kibao kinachotaja faini ya yeni 10,000, kwa sababu watu walikuwa wanawafukuzia wanawake wa geisha na simu kana kwamba ni wanyama wa mbugani.

Kule Fujikawaguchiko, mji mdogo chini ya Mlima Fuji, mambo yalikuwa hata ya kuchekesha, kama si ya kusikitisha. Kulikuwa na duka la Lawson ambalo mlima ulionekana umekaa juu ya paa lake. Picha ikasambaa. Watu wakaanza kuvuka barabara ovyo, kutupa taka, kuegesha magari kwenye kliniki ya meno iliyo karibu. Mei 2024 mji ukasimamisha pazia jeusi la urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2.5 kuziba mlima mzima. Liliondolewa Agosti, lakini fikiria mahali pamefika wapi mpaka wenyewe waone heri wafiche mlima wao.

Kama lazima Kyoto, lala usiku mmoja na uamke mapema. Fushimi Inari, ule mlima wenye malango mekundu maelfu, hauna kiingilio wala saa za kufunga. Fika kabla ya jua kuchomoza, shuka watu wakianza kupanda, chukua treni yako uende.

Na uende wapi? Hapa ndipo napigia debe Shikoku, kisiwa kidogo zaidi kati ya visiwa vinne vikuu vya Japani. Unapanda shinkansen hadi Okayama, saa tatu na kidogo kutoka Tokyo, kisha treni nyingine inavuka bahari juu ya daraja la Seto lililofunguliwa 1988. Ng'ambo unapata Takamatsu, mji wa udon, tambi nene za unga wa ngano ule ule tunaosukumia chapati, na bakuli moja ni yeni mia chache. Mashariki ya kisiwa kuna Naruto. Ndiyo, Naruto. Wale mliokulia anime mnajua mhusika yule anaitwa Uzumaki, neno lenye maana ya mzunguko kama wa maji yanayojikunja, na katika mlangobahari wa Naruto maji hujikunja kweli kweli wakati bahari inapojaa na kupwa. Chini ya daraja la magari kuna njia ya miguu yenye sakafu ya kioo, unayatazama kutoka mita 45 juu. Angalia jedwali la maji kabla ya kwenda, la sivyo utakuta bahari imetulia kama ya Nyali asubuhi.

Ndani zaidi, milimani, kuna bonde la Iya. Lina daraja la kutembelea lililosukwa kwa mimea ya msituni, mita 14 juu ya mto, na husukwa upya kila miaka mitatu. Ndani wameficha nyaya za chuma, usiogope. Lakini mahali ambapo mimi ningeenda kwanza ni kijiji cha Nagoro. Mama mmoja, Ayano Tsukimi, alirudi huko kutoka Osaka akakuta kijiji kinaisha. Akatengeneza sanamu ya kufukuza ndege, ikatoka ikifanana na baba yake. Akaendelea. Leo wanasesere wa ukubwa wa binadamu wamewazidi wakazi kwa mbali: wako kituo cha basi, wako shambani, wako darasani katika shule iliyofungwa 2012 wanafunzi walipoisha.

Nagoro si kioja cha peke yake. Idadi ya watu Japani imekuwa ikipungua tangu karibu 2008, na hesabu ya serikali ya 2023 ilipata nyumba milioni 9 ambazo hazina mtu. Vijana wamekwenda Tokyo. Sisi tunaotoka nchi ambayo kila Desemba mabasi ya kwenda ushago yanapandisha nauli mara mbili tunafaa kuelewa jambo hili haraka kuliko Mzungu yeyote. Pia sisi ushago tumewaachia nyanya zetu. Tofauti ni kwamba sisi bado tunarudi Krismasi.

Kwa hivyo pesa yako ina uzito tofauti ukiitumia huko. Yeni elfu kumi ikiingia Kyoto inapotea kama tone baharini. Ukilala usiku mbili katika minshuku, nyumba ya wageni ya familia ambayo chajio na kiamsha kinywa mara nyingi viko ndani ya bei, mama mwenye nyumba anajua jina lako kufikia jioni. Na ukisema unatoka Kenya, uwezekano mkubwa stori itaanza na mbio. Wakenya walitutangulia zamani. Joseph Otwori alikimbilia chuo cha Yamanashi Gakuin katika Hakone Ekiden ya 1989, zile mbio za kupokezana za wanafunzi ambazo nchi nzima huzitazama kwenye TV Januari 2 na 3. Samuel Wanjiru alitoka Nyahururu akiwa na miaka 15 kwenda shule ya sekondari Sendai, na 2008 akashinda dhahabu ya marathoni Beijing. Hata dhahabu ya Kipchoge ya Olimpiki ya Tokyo ilipatikana Sapporo, mbali kabisa na Tokyo yenyewe.

Ushago una kero zake, tusidanganyane. Mabasi ya Iya ni machache kwa siku, na ukikosa la mwisho umekwama. Kadi inayokupitisha kila stesheni Tokyo inaweza kukataliwa na dereva wa basi la kijijini, kwa hivyo beba noti na sarafu. Kiingereza ni kidogo. Utaangaliwa, tena sana. Kwa wasomaji Waislamu, chakula kinahitaji mpango: supu nyingi huwa na pombe ya kupikia au mafuta ya nguruwe, kwa hivyo ijulishe minshuku mapema unachokula na usichokula. Tokyo hilo ni rahisi zaidi, na kuna msikiti mzuri wa Tokyo Camii, uliojengwa kwa mtindo wa Kituruki na kufunguliwa 2000.

Tokyo yenyewe ipe siku nne au tano kamili. Usiione kama mji mmoja, ni mitaa mingi iliyoshikanishwa na treni. Yanaka bado ina nyumba za zamani zilizopona tetemeko la 1923 na mabomu ya vita. Kwa anime, Akihabara ina kelele, lakini jengo la Nakano Broadway ndilo lenye vitu ambavyo mkusanyaji wa kweli anatafuta. Ukitaka makumbusho ya Ghibli kule Mitaka, tiketi za mwezi unaofuata hutolewa tarehe 10 ya kila mwezi na huisha haraka. Hakuna kununua mlangoni.

Jambo la mwisho, na wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Mkenya anahitaji viza, na ombi la viza ya utalii linataka ratiba ya siku kwa siku: utakuwa wapi, utalala wapi. Huwezi kusema utajipanga ukifika. Uamuzi wa mji au ushago unaandikwa hapa Nairobi kabla hata hujakata tiketi ya ndege, na ukinakili ya TikTok ndiyo utakayoiwasilisha.

Ukiandika tarehe, ruka mwisho wa Aprili hadi wiki ya kwanza ya Mei, na katikati ya Agosti. Hizo ni likizo zao kubwa na treni hujaa. Agosti pia kuna joto la kunata na vimbunga. Novemba milima ya Iya huwa myekundu kwa majani, na vyumba vya minshuku ni vichache, kwa hivyo anza kuandika barua pepe mapema.