Fedha Zetu Zagawanywa Sisi Tukiwa Shambani



Mwezi wa Julai ukifika, mtu asome karatasi yake ya mshahara polepole. Pamoja na makato mengine ataona kodi ya huduma za mitaa. Hapa Uganda kodi hiyo ilianza mwaka 2008, baada ya ile kodi ya kichwa tuliyoizoea kuachwa mwaka 2005. Hukatwa kwa miezi minne, kwa kila mwenye mshahara unaozidi shilingi 100,000 kwa mwezi. Haiendi kwa serikali kuu. Ni fedha ya serikali za mitaa, ya kutengeneza barabara, visima na zahanati.

Basi wenye fedha ni sisi. Je, nani anayeamua itumike wapi?

Kila mwaka, miezi mingi kabla ya bajeti kupitishwa, wilaya na gombolola huitisha mkutano wa bajeti, na raia huruhusiwa kuhudhuria na kusema. Mwaka juzi niliomba ruhusa, nikakatwa mshahara wa siku moja, nikaenda kwenye mkutano wa gombolola yetu. Ulikuwa siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Saa hiyo mchuma chai yuko shambani na kikapu mgongoni, na wa kiwandani yuko kwenye mashine. Niliwakuta wenye maduka, walimu wawili watatu, wazee wa vijiji na maofisa. Nilipotaja kisima cha kambi yetu, ambacho pampu yake ilikuwa imekufa tangu kiangazi, mzee mmoja aliuliza kwa upole tu, “Lakini ninyi watu wa kambi si wageni hapa?” Wengine wakacheka. Kisima hakikuandikwa. Uzio wa ofisi uliandikwa.

Sikumkasirikia yule mzee. Watu elfu moja wa kambi walikuwa na mdomo mmoja tu pale, na huo mdomo ulikuwa na haraka ya kurudi kazini.

Wenzetu wa mji wa Porto Alegre, nchi ya Brazili, walilitatua jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1989 mji huo ulipata meya aliyeitwa Olívio Dutra, ambaye zamani alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa benki. Mji uligawanywa katika sehemu 16, na kila sehemu ikafanya mikutano yake karibu na nyumba za watu. Watu walipanga wenyewe kipi kianze, maji au barabara, kisha wakachagua wajumbe wa kufuatilia kazi hadi iishe. Mwanzoni waliokuja walikuwa wachache. Walipoona mabomba yanachimbiwa kweli, wakaja kwa maelfu. Mwaka 1988 nyumba 75 hivi katika kila 100 zilikuwa na maji na mifereji ya maji machafu. Kufikia 1997 zilikuwa 98. Nisiwafiche, mpango huo haukudumu kama ulivyoanza: mwaka 2017 meya mwingine aliusimamisha. Kilichotolewa na meya mmoja kwa hiari yake, mwingine alikiondoa.

Ndiyo maana sipendi tungoje mwenyekiti mwenye moyo mzuri. Sisi tuna kitu ambacho mwanakijiji hana, nacho ni mkataba na mwajiri. Katika mazungumzo ya mkataba ujao, matawi yadai nusu siku yenye malipo kwa wajumbe wawili wa kila kambi waende mkutano wa bajeti. Mwajiri atanung'unika, lakini hata yeye lori lake hukwama katika barabara ile ile. Tena tuiombe gombolola mkutano ufanyike Jumapili alasiri.

Tawi letu limekwisha kuandika barua hiyo, na wajumbe tumewachagua, mmoja wao mama anayeteka maji mtoni kila alfajiri. Makatibu wa matawi wanaotaka nakala ya barua wanipate kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi, waje na majina ya wajumbe wao.