Skuta ya Mama si ya Mjukuu



Wiki hii tumeletewa suali na dada yetu mmoja wa Mombasa. Mama yake mzazi anaishi na mwanawe wa kiume huko Uingereza, na magoti yamemdhoofikia. Alinunuliwa skuta ya umeme, ile yenye kiti, wanayotumia watu wazito wa kutembea. Mama huona haya kuipanda, husema, "Mimi si kiwete." Mjukuu wake wa miaka 12, mzima wa afya, ndiye aendaye nayo dukani kila jioni. Dada auliza: ni nani mwenye haki nayo?

Tuanze na sheria ya nchi ile, kwani Muislamu akaaye katika nchi hufungika na ahadi aliyoitoa ya kufuata kanuni zake. Kanuni za mwaka 1988 zimeruhusu vyombo hivi kwa mtu mwenye taabu ya kutembea kwa sababu ya ulemavu, jeraha au maradhi. Hapana sharti awe kiwete, wala hatakiwi leseni ya udereva. Mama huyu, basi, ni katika waliokusudiwa.

Mtu mzima wa afya huruhusiwa katika hali tatu tu: anapomwonyesha mnunuzi chombo kabla ya kukiuza, anapomfundisha mwenyewe kukitumia, na anapokipeleka kwa fundi au kukirudisha. Kwenda dukani hakumo.

Vyombo vyenyewe ni vya madaraja. Daraja la pili hupita njia ya waendao kwa miguu, kwa mwendo usiozidi maili 4 kwa saa. La tatu huruhusiwa pia barabarani, hadi maili 8 kwa saa. Hilo lazima lisajiliwe, na mwenye umri chini ya miaka 14 haruhusiwi kuliendesha, hata akiwa na ulemavu. Bima si lazima, lakini tunamnasihi kaka aikate, kwani haki ya mtu aliyegongwa haifutwi na udhuru wa aliyemgonga.

Ama haya ya mama, twamkumbusha Bibi Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake. Alipougua katika Hija, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza atufu nyuma ya watu hali amepanda mnyama. Hakuona aibu, wala ibada yake haikupungua. Ruhusa ni sadaka ya Mola kwa mwenye udhuru. Kuikataa kwa kuchelea maneno ya watu ni kujitesa.

Basi mama na apande, aende msikitini na kwa jirani zake. Mjukuu na ashuke, atembee ubavuni mwa bibi yake, amchukulie kikapu. Hapo kila mmoja atakuwa amepata haki yake, na kijana atakuwa amepata thawabu juu yake.

Wabillahi tawfiq.