Ubongo Haungoji Feri

Jirani yetu wa Likoni aliangusha kikombe cha chai baada ya sala ya alfajiri, mdomo ukaenda upande. Wa kwanza kuitwa alikuwa mzee wa kombe, kwani watu walisema amepitiwa na upepo mbaya. Alipovushwa feri na kufikishwa kwenye skani kisiwani Mombasa, adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Kesho yake familia ikaandikiwa sindano za sitikolini, "za kulinda seli za ubongo", wakanunue nje. Ukoo mzima ukachanga.

Mchango nausifu, dawa ndiyo siielewi. Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Hispania, Ureno na Ujerumani kwa wagonjwa 2,298 wa kiharusi: waliopewa sitikolini hawakupona zaidi ya waliopewa dawa bandia. Dawa nyingine ya aina hiyo, NXY-059, ilitia watu matumaini 2006, na matokeo yaliyochapishwa mwaka uliofuata yakaiangusha. Maabarani panya wanapona, binadamu hawaponi.

Na dawa ya kulinda seli ndiyo ambayo Likoni ingeihitaji kuliko Nairobi. Mshipa wa ubongo ukiziba, kila dakika hufa seli za neva kama milioni 1.9. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ipo, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya skani, maana kama mshipa umepasuka itazidisha kuvuja. Kisauni wana daraja la Nyali, Changamwe wana Makupa, foleni zao wanazijua wenyewe. Likoni huvuka maji, au huzunguka Dongo Kundu. Dawa ya kulinda seli, kama ingefanya kazi, ingedungwa humo humo kwenye feri bila kungoja skani. Los Angeles walijaribu magnesiamu hivyo, ndani ya ambulensi, wengi katika saa mbili za mwanzo. Matokeo ya 2015: hakuna tofauti.

Basi kaunti ikiniuliza pesa ziende wapi, nitasema kwanza vidonge vya presha visikatike zahanati, kisha ambulensi. Sindano za matumaini zisubiri ushahidi.

Jirani sasa hushinda barazani, mkono wa kulia kautuliza pajani. Amlodipini ya presha anameza kila jioni, mkewe akisimamia. Zamani alikuwa akimeza siku ambayo kichwa kinamuuma tu.